HEWA YA GARI LA TAJIRI, KWA NINI ILIPWE NA DEREVA?



Safari hii twataka kunena juu ya kitu kidogo, kisichozidi ukubwa wa sufuria ya uji, lakini kinachokula pesa za wafanya kazi wengi. Kitu hicho ni chujio la hewa la injini ya gari, ambalo mafundi huliita eyaklina, pamoja na bomba la mpira linalopeleka hewa kutoka kwenye chujio mpaka ndani ya injini.

Ukipita Soko la Toi jioni, kati ya rundo la viatu na rundo la makoti, utakuta turubai limetandikwa chini, na juu yake yamepangwa machujio ya umbo la koni, mekundu na ya buluu, na mabomba yang'aayo kama fedha. Muuzaji anapaza sauti: toa lile la karatasi, tia hili, gari litapaa! Na wanunuzi ni nani? Si matajiri wenye magari. Ni madereva wa matatu na wa teksi, watu wa Kibera na Kawangware, wanaolipa kwa senti walizobaki nazo baada ya kupeleka hesabu ya siku kwa mwenye gari.

Twasema wazi tangu mwanzo: biashara hii ni mbaya mara mbili. Ni mbaya kwa injini, na ni mbaya zaidi kwa haki ya mfanya kazi. Tutaeleza moja moja, na anayetaka kupinga na apinge kwa hoja.

WATU WA RELI WANAHUSIKA VIPI?

Wako watakaouliza: nyinyi watu wa reli, na matatu wapi na wapi? Twajibu hivi.

Kwanza, wengi wa madereva hao ni ndugu zetu. Reli ilipokodishwa kwa kampuni ya watu binafsi mwaka 2006, maelfu ya wafanya kazi waliachishwa. Mkataba ule ulipokwisha kwa kuvunjwa mwaka 2017, vijana wa wakati ule walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye usukani wa matatu mkononi. Hata leo wako wanachama wanaotoka zamu ya reli usiku na asubuhi wakaingia katika teksi, kwa kuwa ada ya shule haingoji. Dereva akinyonywa Kawangware, mara nyingi anayenyonywa ni mwenzetu, au ni kaka wa mwenzetu.

Pili, sisi twajua injini inavyopumua. Gari la moshi la dizeli liendalo Uganda kwa njia ya zamani hupanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na tangu Mombasa limekwisha kula vumbi la nyika. Mtu wa karakana ajua kwamba machujio yakiziba, injini hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi. Na yakipasuka, injini hufa kabla ya siku zake. Kwa hiyo hatusemi kwa kusikia.

Tatu, na hili ndilo kubwa: je, mmepata kusikia dereva wa treni akiambiwa anunue chujio la injini kwa mshahara wake? Mmepata kumwona akipita Toi siku ya Jumamosi akitafuta bomba la injini inayovuta mabehewa ya shirika? Jambo hilo lingekuwa kichekesho. Basi kwa nini lisiwe kichekesho kwa dereva wa matatu?

UONGO WA NGUVU

Sasa tuyatazame maneno ya muuzaji. Asema chujio la wazi laongeza nguvu kwa kuwa hewa yaingia kwa wingi. Katika neno hili mna punje ya kweli, na ndiyo maana laweza kumdanganya hata mtu mwenye akili.

Ni kweli kwamba injini haili petroli peke yake. Kilo moja ya petroli yataka karibu kilo 15 za hewa ndipo iungue vizuri. Ukipima kwa lita, lita moja ya petroli humeza karibu lita 10,000 za hewa. Fikirini: lita moja uliyoitia pale kituoni yataka hewa ya kujaza chumba kidogo, tangu sakafu mpaka mabati. Hewa yote hiyo hupita katika chujio lile moja.

Lakini tazameni pale mtego ulipo. Katika gari la petroli, mlangoni mwa injini mna kibati kinachofunguka na kufunga kwa mguu wa dereva. Ukikanyaga mafuta kidogo, kibati chafunguka kidogo, na hewa yaingia kidogo. Sasa, gari linalotambaa Ngong Road saa kumi na mbili jioni, huku mguu ukigusa na kuachia, kinachozuia hewa ni nini? Ni mguu wa dereva mwenyewe. Ungeondoa chujio kabisa, injini isingevuta hewa zaidi ya ile aliyoiruhusu dereva. Chujio safi la karatasi, likiwa ndani ya sanduku lake, limepimwa na waliolitengeneza gari lipitishe hewa ya injini iendayo kasi. Kwa mwendo wa foleni lina nafasi ya kutosha na kubaki.

Tena kuna jambo la joto. Sanduku la chujio alilolitengeneza mwenye kiwanda huvuta hewa kutoka mbele au pembeni, ambako ni baridi. Fundi wa haraka hutupa sanduku lile na kuifunga koni wazi chini ya boneti, kando ya injini inayochemka. Hewa ya joto ni nyepesi. Hewa ya digrii 60 ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja katika kumi kuliko hewa ya digrii 25. Maana yake, dereva amelipa pesa zake ili injini ipate hewa pungufu! Ni kama mtu anayenunua gunia kubwa zaidi ili achukue pumba.

Wako pia wanaosema: gari langu lilikuwa na nguvu Mombasa, lilipofika Nairobi likalegea, kwa hiyo chujio ni baya. La, ndugu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini isiyo na tabo hulegea kwa sababu hiyo, na hakuna koni ya Toi itakayoirudisha hewa ya Mombasa. Mwenye kukuuzia dawa ya mwinuko wa nchi anakuuzia upepo.

Basi kwa nini madereva wengi huapa kwamba wameisikia nguvu? Wameisikia kwa masikio. Lile sanduku la zamani lilikuwa likinyamazisha sauti ya injini inapovuta pumzi. Likiondolewa, injini hunguruma. Kondakta anafurahi, abiria vijana wanafurahi, dereva anaona amepata simba. Wazee walikwisha kutuambia: debe tupu haliachi kuvuma.

UONGO WA PETROLI

Muuzaji akishindwa kwa nguvu, hukimbilia petroli: litakupunguzia mafuta, baba, pesa yako itarudi kwa wiki mbili. Neno hili ndilo linalomnasa dereva, maana petroli ndiyo inayommaliza.

Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge huko Marekani ilijaribu magari yenye chujio safi na yenye chujio lililozibwa makusudi. Walikuta kwamba katika magari ya siku hizi, yale yenye kompyuta ya kupima petroli, chujio lililoziba halikubadilisha matumizi ya petroli kwa kiasi cha kutajika. Kompyuta hupima hewa iliyoingia na kutia petroli ya kuilingana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kushika mwendo. Katika magari ya kabureta, ya zamani, kuziba kuliongeza matumizi ya petroli kidogo.

Basi pimeni wenyewe. Ikiwa chujio lililoziba kabisa halikuongeza petroli katika gari la siku hizi, chujio la wazi litapunguza petroli ipi? Magari yetu mengi yaliyotoka Japani miaka hii yana kompyuta hiyo. Atakayetaka kuokoa petroli na aangalie upepo wa magurudumu, plagi, na mguu wake wa kulia. Vitu hivyo havina rangi ya kupendeza, kwa hiyo havitangazwi kwa kelele.

VUMBI HALINA HURUMA

Sasa twafika kwenye kazi yenyewe ya chujio. Halikuwekwa pale kwa ajili ya mbio. Liliwekwa kuzuia vumbi. Na vumbi letu ni la kutosha! Atokaye Kawangware kwa njia za ndani, au apitaye vichochoro vya Makina wakati wa kiangazi, ajua nguo nyeupe hugeuka nyekundu kabla ya saa sita.

Katika vumbi hilo mna chembe za mchanga mgumu kuliko chuma cha silinda. Zile kubwa hazina hatari sana, maana huzuiwa kwa urahisi. Zenye kuua ni zile ndogo, nyembamba kuliko unywele mara kadhaa, ambazo jicho halizioni. Zikipita, huingia kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikachanganyika na oili, na oili ile ikawa kama msasa. Kila mzunguko wa injini ni kupiga msasa. Baada ya muda injini huanza kula oili, moshi wa buluu hutoka nyuma, na asubuhi yakataa kuwaka. Hapo fundi husema: ringi zimekwisha, tufungue injini.

Chujio la karatasi ni bora katika kazi hii kuliko linavyofikiriwa. Tena kuna ajabu moja: likishatumika kidogo, hushika vumbi vizuri kuliko lilipokuwa jipya, kwa kuwa vumbi la kwanza hupunguza matundu. Lakini wako mafundi wanaolichukua kila wiki na kulipiga upepo wa kompresa kwa nguvu, mpaka karatasi ipasuke mahali pasipoonekana. Wakisema wamelisafisha, wamelitoboa. Na koni nyingi za bei nafuu hazina hata karatasi; ni sponji au kitambaa cha matundu yanayopitisha mwanga wa tochi. Panapopita mwanga kama dirishani, na vumbi litapita.

Wengine huuza koni ya kitambaa cha kupakwa oili. Ikitengenezwa vizuri na kutunzwa kwa kipimo, chujio hilo lafanya kazi. Lakini likipakwa oili kupita kiasi, oili hupeperuka na kukaa juu ya waya mwembamba unaopima hewa. Waya ukichafuka, kompyuta hudanganyika, taa ya injini huwaka, na gari hukohoa. Fundi atasema sensa imekufa, nunua nyingine. Dereva atanunua tena.

Na bomba je? Hapa pana madhara mengi kuliko watu wajuavyo. Lile bomba jeusi la mpira lenye mikunjo halikuwekewa mikunjo kwa urembo. Injini hutikisika, na mikunjo hulifanya lijinyonge bila kupasuka. Likizeeka hupata ufa chini ya mikunjo, mahali usipoona. Hewa isiyochujwa huingia hapo, tena hewa isiyopimwa. Unaweza kuwa na chujio bora kuliko yote Nairobi, na ufa wa urefu wa kidole ukaifanya kazi yake kuwa bure. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari, usipoziba ufa utajenga injini.

Lakini watu huziba kwa nini? Kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na waya. Au hutupa bomba zima na kununua la bati ling'aalo, lisilo na mikunjo, ambalo mtikisiko wa injini hulichomoa pale lilipofungwa. Katika dizeli yenye tabo ni hatari zaidi, maana panga la tabo huzunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika, na kila chembe ya mchanga hulipiga kama risasi.

Kuna watakaotuambia: mbona magari ya mashindano yanafungwa machujio ya wazi? Twajibu kwa mfano wa nyumbani. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na magari yake yamekula vumbi la nchi hii kuliko magari yoyote. Katika miaka ya 1990 mengi yalifungwa bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Kwa nini? Ili kuvuta hewa iliyo juu ya maji na vumbi. Yaani hata mtu wa mbio, mwenye mafundi wengi na spea nyingi, anayeweza kubadilisha chujio kila jioni, hulikimbia vumbi. Dereva wa Kawangware, asiye na fundi wa bure wala spea ya akiba, yeye aambiwa alifungulie mlango!

MBIO ZA NANI?

Tuweke kando ufundi, tutazame sheria na haki.

Matatu yapaswa kufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kanuni hiyo yajulikana na kila mtu tangu Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki. Basi, ndugu dereva, wanunua nguvu ya kwenda wapi? Ukiwa kwenye foleni huwezi kukimbia. Ukiwa kwenye barabara tupu sheria yakuzuia. Nguvu hiyo yote, hata ingekuwa ya kweli, yabaki kuwa ya kukatiza, ya kupanda kando ya barabara, ya kuwahi abiria mmoja kabla ya gari la nyuma. Na kwa nini wakimbilia abiria yule? Kwa sababu ya hesabu ya tajiri. Hapo ndipo mzizi ulipo.

Mwenye gari amepanga hesabu ya siku. Mvua inyeshe, jua liwake, foleni iwe ndefu, polisi wakusimamishe mara tatu, hesabu yake haipungui. Chote kilicho juu ya hesabu ndicho cha dereva na kondakta, baada ya kutoa petroli na mengine yasiyoandikwa popote. Kwa mpango huo dereva hulazimika kukimbia, na akiona gari limelegea huona njaa inamjia. Tajiri hamwambii anunue koni. Hana haja ya kumwambia. Amempangia maisha ambayo koni itaonekana kama wokovu.

Twamjua mwenzetu mmoja, aliyekuwa mtu wa reli, sasa dereva kati ya mjini na Kawangware. Gari lilikuwa zito kupanda. Alimwambia mwenye gari mara mbili kwamba chujio ni la tangu mwaka uliopita na bomba lina ufa. Jibu lilikuwa: wewe endesha, gari si linakwenda? Mwenzetu akaenda Toi, akanunua koni na bomba la bati kwa pesa ya jasho la siku tatu. Kwa wiki mbili alifurahia ngurumo. Kabla ya miezi mitano kwisha injini ikaanza kula oili. Mwenye gari alipofika alisema nini? Alisema: nani alikuruhusu kubadilisha gari langu? Akamtaka alipe injini, na alipokosa akampa mtu mwingine ufunguo.

Tazameni hesabu hiyo. Tajiri hakununua chujio jipya, akafaidi. Dereva alinunua, gari likaendelea kuleta hesabu, tajiri akafaidi. Injini ilipokufa, lawama ikawa ya dereva, tajiri akafaidi tena. Mara tatu! Na mwenzetu alipoteza pesa ya chujio, akapoteza kazi, akapoteza na jina.

Wako watakaosema: alikosea, asingegusa gari la watu. Sisi twauliza: alitoa habari mara mbili, angefanya nini? Angelala na njaa huku akingoja huruma? Mtu aliyebanwa kwenye ukuta hashitakiwi kwa kusukuma ukuta.

SHERIA YASEMAJE?

Madereva wengi hudhani hawana sheria. Si kweli.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kuuandikisha ni wajibu wa mwajiri. Kifungu cha 19 chataja ni makato gani yaweza kukatwa katika mshahara. Kwa hasara ya mali ya mwajiri, chasema iwe imetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi, tena kiasi kiwe cha haki. Chujio linaloziba kwa vumbi la barabara si kosa la makusudi la mtu awaye yote. Bomba la mpira linalozeeka kwa joto si kosa la dereva. Huo ni uchakavu wa mali, na uchakavu ni wa mwenye mali.

Tajiri mjanja atajibu: huyu si mfanya kazi wangu, amekodi gari langu kwa siku. Vema! Akodishaye nyumba yenye paa bovu, hutengeneza paa. Akodishaye gari, na akodishe gari linalopumua. Achague moja: ama ni mwajiri, afuate sheria ya ajira, ama ni mkodishaji, atoe gari zima. Hawezi kuwa mwajiri wakati wa kuamuru na mkodishaji wakati wa kulipa.

HATUGOMBANI NA SOKO

Twataka tueleweke. Hatusemi Soko la Toi ni soko la wezi. Soko lile limewavika watoto wetu na kutuvika sisi. Liliungua katika fujo za baada ya uchaguzi, likaungua tena miaka iliyofuata, na kila mara wachuuzi wake wamejenga upya kwa mikono yao. Hao ni watu wetu. Muuzaji wa koni naye ana watoto, na mara nyingi anarudia tu aliyoambiwa na aliyemletea mzigo. Lakini undugu hautuzuii kusema kweli. Muuzaji mwaminifu na auze chujio la karatasi la kipimo cha gari, na bomba la mpira lisilo na ufa, na aseme hili ni la vumbi, halina nguvu ya ziada. Atauza, na mteja atarudi.

Kadhalika fundi. Fundi wa kando ya barabara akikushauri utupe sanduku la chujio, mwulize: vumbi litakwenda wapi? Asiye na jibu asishike boneti yako.

TUFANYE NINI?

Maneno bila kazi ni ngurumo ya koni. Kwa hiyo twapendekeza haya kwa kila mwanachama na kila dereva aliye ndugu au jirani ya mwanachama:

1. Usinunue spea ya gari lisilo lako. Gari likihitaji chujio, bomba, plagi au tairi, mjulishe mwenye gari kwa maandishi ya simu, ili ubaki na ushahidi wa siku na saa. Maneno ya mdomo hupotea.

2. Ikiwa umelazimika kununua ili gari lisikwame na abiria, chukua risiti, na pesa hiyo ikatwe katika hesabu ya siku ile ile, si ya kesho.

3. Usikubali sanduku la chujio litolewe. Chujio liwe la karatasi, la kipimo chake, likae bila kuacha nafasi pembeni. Lipige nuru ya tochi kwa ndani. Ukiona tundu, litupwe. Kulipuliza kwa kompresa kwa nguvu kukomeshwe.

4. Kila wiki injini ikiwa baridi, kunjua mikunjo ya bomba kwa vidole na utazame chini yake. Ukiona ufa, andikia mwenye gari siku hiyo hiyo. Kazi ya tyubu na waya ni ya kufika nyumbani tu, haiwi ya mwezi.

5. Madereva wa njia moja wakae pamoja na kukubaliana neno moja juu ya matengenezo. Mmoja akikataa peke yake, ufunguo hupewa mwingine. Wakikataa wote, tajiri atatafuta chujio mwenyewe, na ataona njia ya kwenda dukani ni fupi.

6. Kila mmoja adai mkataba wa maandishi, na ndani yake iandikwe kwamba matengenezo ni ya mwenye gari.

Neno la tano ndilo mama wa mengine yote. Mwaka 1950, mwezi wa Mei, serikali ya kikoloni ilimkamata Fred Kubai, aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa magari hapa Nairobi, pamoja na Makhan Singh. Kwa nini iliwaogopa? Hawakuwa na bunduki. Waliogopwa kwa sababu walikuwa wamewafundisha madereva, makarani na vibarua kusema neno moja kwa wakati mmoja. Leo madereva wa mji huu ni wengi kuliko wa siku zile, lakini kila mmoja ajadiliana na tajiri peke yake dirishani, injini ikiwaka, kondakta akiita abiria. Hayo si majadiliano. Ni kuomba.

Na sisi wa reli tusikae kando tukicheka. Leo kwetu chujio la injini hununuliwa na shirika, na twaona ni jambo la kawaida kama jua kuchomoza. Si la kawaida. Lilipatikana kwa watu waliokubaliana kwamba chombo cha kazi ni cha mwajiri. Tukiwaacha ndugu zetu wa barabarani walipie hewa ya magari ya matajiri, siku moja mtu mwenye tai atatujia karakana na kutuambia: mbona wenzenu wa matatu hujinunulia? Siku hiyo tutamjibu nini?

Mwenye gari na alipe pumzi ya gari lake. Dereva atalipa ya watoto wake.

UMOJA NI NGUVU.

Sisi wenzenu wa karakana